Antibiotiki haiwezi kunawa mikono kwa niaba yako: majibu ya maswali ya kukuza seli za wanyama maabarani

Msomaji wa Entebbe: Nakuza seli za figo ya mbuzi kutoka machinjioni, kila mara siku ya pili au ya tatu midia (maji ya virutubisho vya seli) inageuka njano na kutibuka. Nimeshaongeza penisilini na streptomaisini mara mbili, niongeze tena?

Usiongeze ssebo, na hata hiyo uliyoongeza inawachosha seli wenyewe. Hiyo njano ni asidi ya bakteria wanaokula midia yako, na bakteria hao hawakuzaliwa kwenye flaski, umewabeba mwenyewe kutoka machinjioni. Figo ichukuliwe nzima na mafuta yake na ngozi yake ile nyembamba juu, mara tu mnyama anapopasuliwa, kabla haijalazwa sakafuni wala kushikwa na kila mtu, iingie kwenye kopo safi lenye PBS (maji ya chumvi ya kusuuzia seli) baridi na antibiotiki, halafu kwenye barafu, na boda asisimame popote njiani. Maabarani unaifuta kwa spiriti ya asilimia 70, unachuna ile ngozi, UNABADILISHA mkasi na koleo (hapa ndipo wengi wanaanguka, chombo kilichogusa nje kinaingia ndani), unakata sehemu ya pembeni ya figo tu, unakatakata vipande vya milimita moja hivi, unasuuza mpaka maji yatoke meupe. Antibiotiki kazi yake ni kopo la njiani na siku chache za mwanzo, baada ya hapo itoe. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo iliwekwa miezi yote, tulipoitoa flaski zote zikachafuka ndani ya siku mbili, yani uchafu ulikuwepo muda wote umefichwa tu na matokeo yetu ya miezi hiyo tukayatupa.

Na kitu hujaniuliza: otoklevu yako, ile sufuria ya mvuke wa presha ya kuua vijidudu kwenye vyombo. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mshale wa presha ukigonga pauni 15 usidhani joto limefika nyuzi 121. Angalia kipimo cha joto, kikifika 121 ndipo uanze kuhesabu dakika 15.

Mbale: Inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) niweke nyuzi ngapi?

Hili nimelijibu mara nyingi mno, someni kabla ya kuuliza. 37, na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kama huna mtungi wa gesi tumia midia ya L-15, ilitengenezwa kwa hewa ya kawaida.

Mbarara: Tripsini (kimeng'enya cha kuachanisha seli) niache dakika ngapi? Nikiacha kidogo tishu haiachii, nikiacha sana napata kitu kama makamasi.

Hayo makamasi ni DNA ya seli zilizopasuka, maana yake umeshazidisha. Usiache tishu yote ilowe kwa saa nzima. Tripsini asilimia 0.25 kwenye joto la 37, koroga taratibu dakika 20 mpaka 30, mimina kilichotoka kwenye midia baridi yenye seramu (maji ya damu yasiyo na seli) manake seramu ndiyo inayoizima tripsini, kisha weka tripsini mpya na urudie. Mmimino wa kwanza tupa, ni damu na seli zilizokufa. Na kabla ya yote suuza tishu kwa PBS isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, ukibakiza seramu hata kidogo tripsini haifanyi kitu halafu unalaumu kampuni. Tishu ngumu kama ngozi au moyo tumia kolajenesi, kimeng'enya kingine, ila hiyo inataka kalsiamu kwa hiyo usiichanganye na EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu.

Masaka: Mayai ya dukani yanafaa kupata faibroblasti (seli za tishu unganishi) za kuku?

Hayafai, yale matetea hayakai na jogoo, tafuta mayai ya kutotolesha yaliyolaliwa siku 9 mpaka 11.

Gulu: Seli zangu zilikuwa zinaenda vizuri, baada ya kuzihamisha mara kadhaa zimekuwa pana na zimeacha kugawanyika. Ni ugonjwa?

Ni uzee. Hayflick na Moorhead walilionyesha mwaka 1961, seli za kawaida za binadamu zinagawanyika kama mara 50 zinakoma, na za wanyama wengine nazo zina kikomo chao. Kosa lako ni kutogandisha mapema. Hamisho la kwanza au la pili tu, gandisha: DMSO (kemikali inayokinga seli zisipasuliwe na barafu) asilimia 10, joto lishuke nyuzi moja kwa dakika mpaka nyuzi 80 hasi, kisha mtungi wa naitrojeni, uleule wa watu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Friza ya nyumbani ni kaburi. Na kiasi cha naitrojeni mtungini kipimwe kila wiki, usisubiri kiishe.

Jinja: Midia yangu iko safi kabisa, seli zinakua polepole tu. Niendelee?

Simama kwanza! Kukua polepole bila midia kutibuka, mimi nashuku mikoplazma, bakteria wadogo kuliko wote. Haina ukuta wa seli kwa hiyo penisilini haina pa kuishika, ni ndogo kiasi cha kupenya filta ya mikromita 0.22, darubini ya kawaida haikuonyeshi, na mara nyingi inatoka mdomoni kwa mtu anayepiga stori mbele ya kabineti (kabati la hewa iliyochujwa unamofanyia kazi). Peleka sampuli ikapimwe kwa PCR (kipimo cha DNA ya kijidudu) leo, flaski hiyo itenge, chupa ya midia uliyoichovya pipeti usimpe mwenzako, na ikitoka chanya chemsha zote kwenye otoklevu uanze na figo mpya.