Figo ya wifi yako

Lamu

Mwanangu,

Umeuliza: mumeo kapewa figo ya dadake wa tumbo moja, kundi la damu ni moja, mbona daktari asema mwili waweza kuikataa na dawa ni za maisha?

Kundi la damu ni mlango wa kwanza tu. Chembe za mwili zina alama ziitwazo HLA, fungu moja la baba na moja la mama. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana mafungu yote, na 1 kati ya 4 ya kutolingana hata moja. Na wakilingana yote, alama nyingine ndogondogo zabaki tofauti. Figo ya kwanza iliyodumu, Boston mwaka 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana. Kinga haikuona mgeni.

Wenye kukagua alama ni chembe nyeupe aina ya T. Zikiona ngeni huzaana na kuivamia figo, hasa miezi ya mwanzo. Kuna na kingamwili, silaha za kinga zilizomo damuni, za zamani, za mtu aliyewahi kuongezewa damu au kubeba mimba: hizo huweza kuziba mishipa ya figo mgonjwa angali mezani. Ndiyo maana maabara ilichanganya kwanza damu ya hao wawili.

Sasa dawa. Takrolimusi huzituliza chembe T. Ni kila baada ya saa 12: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Siku ya kupima kiwango chake, asimeze ya asubuhi mpaka damu itolewe. Wengi hukosea hapo; kipimo hutoka kikubwa, dozi ikapunguzwa bure, figo ikabaki bila ulinzi. Balungi asiguse, huipandisha dawa hadi ikaidhuru figo ileile. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Ibuprofeni ya maumivu, hapana. Madafu aulizie: yana potasiamu, na dawa hii huizuia isitoke mwilini.

Ramadhani musijiamulie. Alfajiri hadi magharibi hapa kwetu ni zaidi ya saa 13, haziingiani na dozi mbili. Daktari aulizwe mapema.

Usingoje maumivu, mara nyingi hayapo. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ndiyo hupanda kwanza. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba, uzito ukipanda ghafla au homa ikimshika, aende siku hiyohiyo. Ikithibitika kwa kijipande cha figo kilichotolewa kwa sindano kuwa mwili waikataa, steroidi, dawa ya kutuliza kinga, ya mshipani kwa siku 3 mara nyingi huuzima ukataaji huo.

Mukivuka maji kwenda Mokowe, bara, dawa aziweke mkobani mwake, zisende na mizigo.

Mamako