Jibu: Je, grinda na drili za sasa zimeshuka ubora?

Ndugu yangu, umeuliza kama mashine zimeharibika kwa sababu kampuni zinauzwa na viwanda vimehamia China. Mimi naona kubadilika kwa mmiliki peke yake hakutoshi kukupa jibu. Milwaukee, kampuni ya mashine ya Marekani, ilinunuliwa na kampuni ya TTI ya Hong Kong mwaka 2005, na hadi leo mafundi wanaitegemea. Mashine za ufundi za Hitachi nazo, baada ya kitengo hicho kuuzwa, zikapewa jina la HiKOKI mwaka 2018, kwa hiyo ukiliona jina hilo dukani usidhani ni feki.

Kinachoamua ni daraja la mashine. Bosch ya bluu ni ya fundi, ya kijani ni ya matumizi ya nyumbani. Hiyo ya kijani ukiikatia nondo kutwa nzima site, utaiua bure na kumlaumu Mchina.

Halafu kuna vumbi letu hili la Dodoma! Linakula kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) na beringi hata za mashine nzuri, basi ipulize kwa kompresa mara kwa mara. Kabla hujalipa, ulizia kama kaboni na amecha zake (sehemu ya mota inayozunguka) zinapatikana hapa mjini. Kama hazipatikani, nisingeichukua hata kwa nusu bei.