Pima Nyumba Kwanza, Ndipo Ulipe Fundi

Mtu akiniambia anataka kuweka paneli za sola, kubadilisha madirisha au kununua kiyoyozi kipya ili bili ya umeme ishuke, huwa namuuliza swali moja: kati ya uniti unazotumia kwa mwezi, ngapi zinaliwa na hicho unachotaka kukibadilisha? Wengi hawana jibu. Fundi aliyewapa bei naye hana, ingawa ana hakika kwamba kazi yake ndiyo itakayowaokoa. Hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, na huniuma, maana jibu wanalo nyumbani kwao wenyewe. Linataka tu wiki chache za kusoma mita.

Nimeipima nyumba yangu, na nimepima nyumba za ndugu na marafiki wanaoniita kabla hawajatoa pesa. Siku zote naanza na bili za mwaka mzima, na naangalia uniti, si pesa, kwa sababu bei hubadilika na kukupoteza. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Kama mita yako ni ya kulipia kabla, siku uliyonunua umeme si siku uliyoutumia, hivyo bora usome mita mwenyewe na kuandika, tarehe ile ile kila mwezi.

Ukishazipanga uniti mwezi kwa mwezi, tafuta mwezi ambao hali ya hewa ilikuwa tulivu, hukuhitaji kupooza nyumba wala kuipasha joto. Uweke kando ya mwezi wa joto kali, au wa baridi kali. Tuseme mwezi tulivu ulikula uniti 200 na mwezi wa joto 500. Zile 300 zilizozidi, kwa sehemu kubwa, ndizo za kupambana na hali ya hewa. Lakini kama uniti za miezi hiyo miwili zimekaribiana, paa na madirisha hayahusiki na bili yako. Unaweza kuyatengeneza kwa ajili ya raha ya kulala vizuri, na hiyo ni sababu njema kabisa, ila usitarajie kuiona kwenye mita.

Kipimo kinachofuata ni cha usiku. Soma mita kila mtu anapokwenda kulala, na uisome tena asubuhi kabla ya yeyote kuwasha chochote. Gawa uniti kwa saa zilizopita, kisha uzidishe kwa 1,000 upate vati. Nyumba inayovuta vati 300 wakati watu wamelala, na ikaendelea hivyo mchana kutwa, inakula uniti 7.2 kwa siku, yaani 216 kwa siku 30, kabla hata hujapika wala kuoga. Ukikuta hivyo, zima saketi moja moja kwenye kisanduku cha swichi kuu huku mwenzako akiangalia mita. Mara nyingi utakuta friji kuukuu, pampu ya maji inayojiwasha kwa sababu kuna bomba linalovuja, au hita ya maji inayofanya kazi usiku kucha kwa ajili ya maji ambayo hakuna atakayeyaoga.

Hita ya maji naipa nafasi ya pekee, kwa kuwa nimeiona ikisahauliwa katika nyumba nyingi. Hesabu yake haina siri. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi, na uniti moja ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo lita 100 zikipandishwa kwa digrii 30 ni uniti 3.5. Familia ikifanya hivyo kila siku, ni zaidi ya uniti 100 kwa mwezi, ukiacha joto linalopotea kwenye tangi. Shika tangi lako kwa nje: kama ni la uvuguvugu, kihami joto chake kimechoka. Weka ndoo chini ya bomba la bafu na upime lita zinazotoka kwa dakika, kisha uzidishe kwa dakika mnazooga. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameshapewa bei ya mfumo mkubwa wa sola. Tulipopima, tukakuta themostati ya hita yake, yaani kidhibiti joto, imekwama na maji yanachemka mchana na usiku. Ilibadilishwa, na ule mfumo wa sola ukapungua karibu nusu kabla hajalipia kitu.

Friji lipime kwa saa 24 nzima ukitumia kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi. Kompresa huwaka na kuzima, na friji nyingi huwa na muda wa kuyeyusha barafu zenyewe, hivyo kipimo cha saa moja hudanganya. Mpira wa mlango ujaribu kwa karatasi: ibane mlangoni na uivute, ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea. Taa hazihitaji maneno mengi. Balbu ya zamani ya vati 60 hutoa mwanga unaokaribiana na wa LED ya vati 8 au 9. Zibadilishe uendelee na mengine.

Sasa nyumba yenyewe. Siku ya upepo, pita na kijiti cha ubani kando ya fremu za madirisha, chini ya milango, na pale mabomba yanapopenya ukuta. Moshi ukiyumba, hewa inapita. Wakati jua ni kali, pima joto la dari, kuta na vioo kwa kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza na kubonyeza. Dari ikiwa na joto kuliko hewa ya chumba kwa digrii nyingi, paa linakumwagia joto. Tahadhari moja: bati jipya linalong'aa na karatasi za alumini huidanganya ala hiyo ikasoma chini. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, subiri kidogo, upime utepe. Dirisha linaloelekea jua bila kivuli ni hita kamili, kwani jua la anga safi likipiga uso ulioelekezwa kwake hufikisha kama vati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya hizo. Ndiyo maana kivuli cha nje hushinda pazia la ndani: pazia hulipokea joto likiwa limeshaingia.

Ukiwa na vipimo hivi, sikiliza tena ahadi ya muuzaji. Anasema kihami joto chake kinapunguza nusu ya joto linalopita paani. Huenda ni kweli. Lakini kama paa ndilo linaloleta theluthi moja ya joto la nyumba, na kupooza kunakula uniti 300 kati ya 500, basi unachookoa ni nusu ya theluthi ya 300, yaani uniti 50. Ni asilimia 10 ya bili ya mwezi wa joto, na miezi mingine chini ya hapo. Neno “nusu” lilikuwa la kweli, na bado lingekuacha ukiwaza jambo lisilokuwepo. Kila asilimia utakayotajiwa, uliza ni asilimia ya nini.

Pia usijumlishe akiba za kazi mbili. Kiyoyozi bora kinachopunguza matumizi kwa asilimia 40 kingeokoa uniti 120 kati ya 300. Kivuli kinachopunguza joto kwa asilimia 30 kingeokoa 90. Ukivifanya vyote viwili, hupati 210, unapata 174, kwa kuwa kiyoyozi sasa kina kazi ndogo ya kufanya. Kwa sababu hiyo mimi hushauri kupunguza mzigo kwanza: mivujo, kivuli, themostati, maji ya moto. Mashine zifuate, zikiwa za ukubwa unaolingana na mzigo uliopungua. Sola iwe ya mwisho, kwani kuipima kwa nyumba inayovuja ni kununua paneli na betri za kulisha upotevu.

Kuna wakati wa kumwita mtaalamu, hasa nyumba ikiwa kubwa, ya zamani au unataka kuinunua. Anaweza kufunga feni mlangoni na kushusha shinikizo la ndani kwa paskali 50 ili apime hewa inayovuja, au kupita na kamera ya joto. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, nyumba inayouzwa au kupangishwa huwa na cheti cha matumizi ya nishati, utaratibu uliotokana na agizo la mwaka 2002. Kisome, lakini kumbuka kwamba mara nyingi kinahesabu jengo kwa wakazi wa kukadiria. Hakijui kwamba ninyi ni sita na mnafanyia kazi nyumbani. Na popote ulipo, mlipe mpimaji asiyeuza paneli, madirisha wala viyoyozi. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na kazi unayotaka kufanya, na ndiyo itakayokupa nguvu ya kukataa.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila mtu: usizibe nyumba kabla hujaangalia kinachowaka ndani. Jiko la mkaa, jiko la gesi au hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje, ndani ya chumba kilichozibwa, hujaza kaboni monoksaidi, nayo haina harufu wala rangi. Inaua watu usingizini. Weka njia ya hewa inayodhibitiwa, jikoni na bafuni hasa, la sivyo hata unyevu utakuletea ukungu kutani.

Ukifika kwenye makubaliano, mwambie fundi aandike atakachofanya kwa vipimo: unene wa kihami joto na eneo kitakalofunika, nguvu ya kiyoyozi, lita za tangi. Bakiza sehemu ya malipo. Kazi ikiisha, rudia kipimo cha usiku, rudia ubani kwenye madirisha yale yale, pima dari saa ile ile jua likiwa kali vilevile, na uweke namba mpya kando ya za zamani mkiwa wote wawili. Sehemu iliyobaki ilipwe siku hiyo, mbele ya karatasi hiyo.