“Mvua za wastani” maana yake nini? Kwa afisa ugani mpya

Utabiri wa masika ukitoka, neno litakalokusumbua ni “wastani”. Mkulima akisikia mvua za wastani anaelewa mvua ya kadiri, ya kutosha mahindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inazungumzia kitu kingine: kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ambayo eneo hilo hupata katika msimu huo, kwa hesabu ya miaka 30. Ikipungua hapo ni chini ya wastani, ikizidi ni juu ya wastani.

Kwa hiyo kabla hujasimama mkutanoni, tafuta takwimu za kituo cha jirani. Kama masika ya hapo, Machi hadi Mei, huleta milimita 400, basi wastani ni popote kati ya 300 na 500. Pengo la milimita 200! Tena usibebe takwimu za mkoa mwingine. Mwaka wa wastani Dodoma, watu wa Tanga wangeuita wa ukame. Na Dodoma hawana masika na vuli; msimu wao ni mmoja, Novemba hadi Aprili.

Panapoharibikia zaidi ni hapa: wastani ni jumla ya msimu, hausemi lolote kuhusu mtawanyiko. Tuseme zimenyesha milimita 320, nusu yake ndani ya wiki moja ya Aprili, kisha jua siku 20 mahindi yakiwa kwenye mbelewele. Kwenye karatasi msimu ni wa wastani, shambani ni mabua matupu. Ndiyo maana aya za utabiri kuhusu mwanzo wa mvua, ukomo wake na vipindi virefu vya ukavu zina faida kwa mkulima kuliko ramani ya rangi ambayo kila mtu hukimbilia.

Pimeni wenyewe pia. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Kama hakuna kipimamvua, kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha. Ndoo pana juu, nyembamba chini, itakupa mvua nyingi kuliko iliyonyesha. Liweke mbali na paa au mti, angalau mara mbili ya kimo cha paa au mti huo. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika, kisha mwaga maji yote. Yakibaki, kesho utaihesabu mvua ileile tena.