Kijana kagonga kichwa jana na fainali ni kesho? Asicheze

Hapana. Na hao waliokujibu hapo juu kwamba "watoto wa hoki ni wagumu" wapuuze, mkuu. Umeandika mwenyewe: kijana wa miaka 14, jana kabamizwa kwenye ukuta wa uwanja wa hoki ya barafu, kainuka kamaliza mechi, leo kichwa kinauma na mwanga unamkera (dalili za mtikisiko wa ubongo hizo), halafu kocha anakwambia mpe panadol kesho yuko fiti. Panadol itaficha maumivu, na kwa sasa maumivu ndiyo yanayokupa habari za kichwa chake.

Wangu alipigwa hivyo hivyo kwenye mashindano ya wikendi, huku huku Ontario, Kanada. Nikajiona mzazi makini, nikampeleka hospitali. Akapigwa CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi. Nikatoka pale natembea kama niliyeshinda kesi ya shamba. Karatasi ya maelekezo niliyopewa niliikunja nikaitia mfukoni. Kocha nikamtumia ujumbe, akanijibu kwa kidole gumba na "tuonane nusu fainali".

Hapo ndipo nilipoliwa. CT inatafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye ile picha hata kidogo. Maana yake ilikuwa hahitaji kupasuliwa, basi. Kuhusu kucheza haikusema kitu, ila mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Nusu fainali akagongwa tena, bega kwa bega, pigo dogo ambalo hata refa hakulipulizia filimbi. Akakaa chini kwenye barafu akauliza tuko mji gani.

Muhula wote ukaenda. Mtoto aliyekuwa anafukuzwa kwenye kitabu akalale, sasa ukurasa mmoja haumalizi. Mapazia yamefungwa mchana. Bibi yake akipiga kutoka Tanga, anaongea naye kidogo kisha anaomba akalale. Hasira za ajabu, hata kwa mdogo wake. Na kocha yule alikuwa na cheti cha kozi ya mtikisiko wa ubongo ukutani kwake! Mungu amsamehe, mimi bado niko kwenye foleni. Tulishika nafasi ya tatu, kama unauliza. Medali iko droo ya jikoni pamoja na betri zilizokufa.

Kwa hiyo shika hili: anayelitaka kombe hapimi kichwa. Kocha analitaka. Wewe uliyelipa ada, hoteli na mafuta unalitaka. Mtoto analitaka kuliko wote, na atakutazama machoni akudanganye kwamba hajambo.

Tena kwa Ontario huu si ushauri, ni sheria: Rowan's Law ya 2018. Mchezaji akishukiwa tu kuwa na mtikisiko wa ubongo, anatolewa, na harudi mpaka daktari au muuguzi mwenye mamlaka hayo amruhusu. Kila mwaka sisi wazazi tunatia saini kwamba tumesoma maelezo yake. Mimi niliyasaini kama masharti ya programu ya simu. Rowan Stringer alikuwa binti wa hapo hapo kwenu Ottawa, miaka 17, mchezaji wa raga. Aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, akafariki 2013.

Usiniambie ni nadra kuumia. Olimpiki ya vijana ya majira ya baridi ya 2012, Innsbruck, washiriki elfu moja na kidogo, majeraha 111 yaliandikwa, na wale wana madaktari kila kona. Sisi wikendi tunaye baba mmoja mwenye mfuko wa barafu, tukiwa juu ya barafu.

Siku moja mbili za kwanza apumzike, atembee taratibu, simu ipungue. Darasani kwanza, halafu kuteleza peke yake, halafu mazoezi bila kugongana. Kugongana ni baada ya ruhusa ya maandishi. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akidhoofika mkono au mguu, au ikawa vigumu kumwamsha, piga namba ya dharura 911 usiku huo huo.

Mwandikie kocha sasa hivi, kabla hajapanga kikosi. Helmeti nunua inayomkaa vizuri, ila italinda fuvu. Ubongo utaendelea kutikisika humo ndani hata ukilipa bei ya gari. Mengine muulize huyo huyo daktari utakayemwona kesho badala ya fainali.