Unaenda kucheza gofu Vipingo? Soma hii kwanza kabla hujachagua tii (pale pa kuanzia kupiga)

Wachezaji wa bara wakipanga likizo ya pwani lazima kuna mmoja ataniuliza, ule uwanja wa Baobab pale Vipingo Ridge ni mgumu kweli ama watu wanaukuza tu? Ni mgumu, tena sana, ila ugumu wake una mpangilio, ukiujua utacheza raha mustarehe hata kama handikapu yako (mikwaju unayoongezewa kulingana na uwezo wako) ni 24, na usipoujua mfuko utaisha mipira kabla hujafika shimo la kumi. Nimecheza pale misimu tofauti, na wageni wa kila aina, wazee, vijana wenye nguvu za ajabu, akina mama walioanza gofu juzi, na naona watu wanahangaika na mambo yale yale, kwa hivyo wacha niyaandike hapa.

Kwa wasiopajua, Vipingo iko Kilifi, unatoka Mombasa unashika barabara ya Malindi, eneo lenye mashamba ya mkonge ya miaka na miaka. Uwanja umekaa juu ya tuta la kilima unaiona Bahari Hindi kule chini, mibuyu mikubwa imeachwa imesimama pale pale ilipokuwa, na ndani ya eneo lile kuna twiga na pundamilia. Ni mashimo 18, na mchezaji hodari anatarajiwa kuyamaliza kwa mikwaju 72. Aliyeuchora ni David Jones wa Ireland Kaskazini, na huyu si mchoraji wa mezani tu manake alikuwa mchezaji wa kulipwa na alishinda Kenya Open mwaka 1989, kwa hivyo jua letu na upepo wetu na nyasi zetu alikuwa anavijua.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Uwanja wa hoteli ya kitalii unauza mandhari, mgeni amelipa aione bahari, kwa hivyo anayechora anautoa uwanja bondeni anaupandisha juu, anafungua upande wa bahari, na ukishafungua upande wa bahari umeufungulia na upepo. Hivi viwili havitenganishwi. Kule Marekani kuna uwanja unaitwa Ocean Course, kisiwa cha Kiawah, South Carolina, ulijengwa na Pete Dye kwa ajili ya Ryder Cup ya 1991, yale mashindano ya Marekani dhidi ya Ulaya, na mkewe Alice Dye, ambaye naye alikuwa mchoraji viwanja, ndo alishauri uwanja uinuliwe ili wachezaji waione bahari vizuri. Ukainuliwa. Wachezaji wakaiona bahari na upepo ukawapata sawasawa, na mpaka leo ule ni kati ya viwanja vigumu zaidi Marekani. Vipingo hakuna aliyelazimika kuinua kitu, kilima kilikuwepo, lakini hesabu ni ile ile, pale unapotoa simu kupiga picha ya bahari ndo pale pale mpira wako utasukumwa.

Na upepo wetu una ratiba, hapa ndo mtu wa pwani anamzidi mgeni. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi tuko na kaskazi, kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi. Simama uitazame bahari, kaskazi inakujia toka kushoto kwako na kusi inakujia toka kulia, kwa hivyo shimo ulilocheza Disemba ukasaidiwa na upepo, ukirudi Julai unakuta limekuwa shimo lingine kabisa, yaani hata banka (mitego ya mchanga) zilizokuwa hazikuhusu sasa ziko pale unapotua mpira. Usiniambie ulicheza na chuma 7, ile fimbo ya masafa ya kati, mwaka jana. Mwaka jana mwezi gani?

Alafu kuna saa. Asubuhi mapema upepo wa bahari unakuwa bado haujaamka, kufikia saa tano unaanza kujisikia, saa nane mchana unavuma wenyewe. Watu wa likizo wanapenda kulala, wakaamka wakala chai taratibu, wakaenda tii ya kwanza saa nne, maana yake mashimo tisa ya mwisho wanayacheza kwenye upepo mkali na jua kali kwa wakati mmoja. Omba nafasi ya saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na ukiambiwa zimejaa basi bora ucheze mashimo tisa tu jioni kuliko kumi na nane za mchana.

Hesabu ya upepo tunayotumia wengi ni hii, upepo wa maili 10 kwa saa ukiwa usoni ongeza asilimia 10 ya umbali, yadi 150 ziwe 165, na ukiwa mgongoni toa asilimia 5 tu, manake upepo wa nyuma hausaidii sana kama ule wa mbele unavyoumiza. Na usiupige mpira kwa nguvu zaidi eti unashindana na upepo, ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, ukizunguka unapanda, ukipanda umekwisha. Chukua fimbo kubwa, shika chini kidogo, zungusha kwa utulivu, mpira uende chini chini.

Watu wa Nairobi, Limuru na Nakuru, kuna kitu kingine kinawapata na wengi hawakijui hata baada ya kucheza. Nyumbani kwenu mko juu, Nairobi peke yake iko karibu mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri mbali. Pwani hewa ni nzito. Chuma 7 yako ya uwanja wa Karen, Nairobi, haifiki pale inapofika Karen, hesabu umbali umepungua kwa fimbo moja nzima kabla hata hujaanza kufikiria upepo. Nimecheza na jamaa wa Nairobi, mpigaji mzuri sana, kila mpira unaanguka banka ya mbele ya grini (pale penye nyasi fupi na tundu), banka ya mbele tena banka ya mbele, na yeye anashangaa mbona anaupiga katikati kabisa ya fimbo na haufiki. Kedi, yule mbeba mfuko wake, alikuwa anamwambia toka shimo la pili, "Bosi ongeza fimbo moja," na bosi haongezi. Alipokubali kwenye shimo la kumi na moja ndo tukaanza kumuona kwenye grini.

Haya, tii. Kila shimo lina tii kadhaa, za mbele na za nyuma. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwenye uwanja kama huu uamuzi wa kwanza wa siku ndo unaamua siku yote, na watu wanaufanya kwa sekunde tano kwa kuangalia wenzao wamesimama wapi. Pale nyuma kabisa ni pa mashindano. Magical Kenya Ladies Open ya mzunguko wa Ulaya imechezwa Vipingo, Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda 2019 kwa kumaliza siku ya mwisho na mikwaju 64, akarudi akashinda tena 2022, 2023 ikawa Aditi Ashok wa India akiwaacha wenzake kwa mikwaju 9, 2024 Shannon Tan wa Singapore. Hao wanaishi kwa gofu. Wewe umekuja likizo na mwezi huu umecheza Jumamosi moja.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Chukua umbali unaopiga chuma 5 yako, umbali wa kweli, sio ule wa siku moja ulipopata mteremko, zidisha kwa 36. Ukipiga yadi 150 unapata 5,400, basi tafuta tii ambazo jumla ya uwanja iko karibu na hapo, imeandikwa kwenye kadi. Mwaka 2011 vyama vikubwa vya gofu vya Marekani vilianzisha kampeni ya kuwaomba watu wasogee mbele, lakini yule Alice Dye niliyemtaja alikuwa ameshaipigania hoja hii miaka mingi kabla, akisema wanawake na wapigaji wafupi wawekewe tii zaidi ya moja za mbele ili wafike kwenye grini kwa fimbo ambazo mchoraji alizikusudia. Hilo la mwisho ndo la kushika. Grini ya shimo refu la mikwaju minne imechorwa ipokee mpira unaotoka juu na chuma 7 au 8. Ukiwa umeanzia nyuma sana unaijia na fimbo ya mbao, mpira unaingia chini una mbio, grini haiushiki, unatoka nyuma. Umepiga vizuri na umeadhibiwa, na kosa sio lako wala la mchoraji, ulisimama pasipo pako tu.

Mwanamume kucheza tii za mbele sio aibu. Nalisema kwa sababu nimeona mzee wa watu anaharibu siku nzima, na ya wenzake watatu, kwa sababu hakutaka vijana wa familia wamuone anaanzia mbele.

Handikapu nayo ihesabu upya ukifika. Tangu 2020 tunatumia mfumo mmoja wa dunia, kila seti ya tii ina namba ya slopu, yaani kipimo cha ugumu, ya wastani ni 113, ya juu kabisa ni 155. Ukiwa na indeksi (handikapu yako ya msingi) 18 na slopu ya tii zako labda ni 135, zidisha 18 kwa 135 gawa kwa 113, unapata 21 na nusu, alafu kuna marekebisho kidogo ya ukadiriaji wa uwanja. Maana yake umeongezewa mikwaju mitatu au minne halali, imebandikwa kwenye jedwali pale klabu, itumie, usicheze na 18 yako ya nyumbani alafu ukasema uwanja umekuonea.

Ukishakuwa kwenye tii sahihi ndo utaanza kuuona mchoro wenyewe. Viwanja vya aina hii vinaonekana vyembamba ukisimama kwenye tii, banka zinakutazama, kichaka kushoto, mbuyu kulia, lakini tembea mpaka pale mpira unapotua uangalie nyuma, utashangaa ilivyo pana. Mchoraji anawaficha nafasi wale wanaoogopa na anaweka banka upande ule wenye njia fupi ya kwenda grini, kwa hivyo kila banka unayoiona ni taarifa, inakuambia upande huu ndo wa faida kama unaweza kuuvuka. Kama huwezi, nenda upande mwingine bila kujuta, utabaki na mkwaju mrefu kidogo kutokea pembe mbaya kidogo, ila uko kwenye nyasi fupi. Bogi (mkwaju mmoja zaidi ya inayotarajiwa) kwenye shimo gumu haijawahi kuharibu kadi ya mtu, kinachoharibu ni mikwaju nane na tisa, na nane zinatoka kwenye kujaribu kupenyeza mpira kwenye miti.

Ukiingia kichakani, dakika tatu tu za kutafuta, sheria zilibadilika 2019 zile dakika tano hazipo tena. Ukiupata na hauchezeki, tangaza hauchezeki, mkwaju mmoja wa adhabu, shusha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili usiokaribia shimo, au rudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia pale mpira ulipo. Mkwaju mmoja ni bei ndogo. Na bora upige mpira wa akiba (wa pili, endapo wa kwanza umepotea) kabla hujaondoka tii kama una wasiwasi.

Grini za pwani sasa. Nyasi zetu zinalala upande mmoja, na mtu aliyezoea grini za Limuru anasoma mteremko tu anasahau ulalo. Kedi mmoja mzee alinionyesha kitu, alinipeleka mpaka kwenye tundu lenyewe akainama akaniambia, "Tazama ukingo." Nikatazama, upande mmoja ukingo umekatika safi kama umepitishwa wembe, upande wa pili nyasi zimechanikachanika na kukauka kidogo. Upande uliochanika ndo nyasi zinakoelekea. Ukipati (ukiusukuma mpira kwenye grini) kuelekea huko mpira unateleza, ukitoka huko unagoma, na ukipita kati unavutwa. Pia ukisimama nyuma ya mpira ukaona grini inang'aa, unaenda na nyasi, ukiona kijani cheusi cheusi unaenda kinyume. Tangu siku hiyo mi huanzia kwenye tundu ndo narudi kwenye mpira.

Kwa hivyo chukua kedi. Hata kama umekodi kigari, chukua kedi, na umsikilize kuanzia shimo la kwanza, upepo wa pale anaujua kwa mwezi na kwa saa. Msalimie vizuri, muulize mpira unaishia upande gani, mlipe haki yake na zaidi kidogo.

Vitu vidogo vya mfuko ni maji mengi kuliko unavyodhani, glavu mbili au tatu manake moja italowa jasho kufikia shimo la sita, kofia yenye ukingo mpana, na mipira ya kawaida, ile ya bei ghali iache kwa siku ya pili. Na kama mmekuja kikundi mna siku mbili, siku ya kwanza chezeni kwa pointi za Stableford (unapata pointi kwa kila shimo badala ya kujumlisha mikwaju yote) bila dau lolote, shimo likikushinda okota mpira uende la mbele, mjue tu kila mmoja tii yake ni ipi na upepo umekaa wapi, ndo kesho yake saa moja asubuhi muwekeane dau la chakula cha mchana.