Kijapani Kwenye Simu: Anza kwa Kuzima Romaji

Programu nyingi za Kijapani humwandikia anayeanza kila neno kwa herufi za Kirumi, yaani romaji. Ingia kwenye mipangilio uzizime siku ya kwanza. Jicho hukimbilia kile linachokijua, na ukiziacha utamaliza masomo kadhaa bila kuweza kusoma hata neno fupi lililoandikwa kwa hiragana, herufi za msingi za Kijapani.

Hiragana ina herufi 46 za msingi, na katakana, seti ya pili ya herufi inayotumika hasa kwa maneno ya kigeni, vilevile. Sehemu ya herufi ndani ya programu ya Duolingo inatosha kwa hatua hii. Wengi hukwama kwenye herufi za katakana シ (shi) na ツ (tsu), au ン (n) na ソ (so). Hizo zinahitaji karatasi na kalamu: mstari mrefu wa シ na ン huanzia chini ukapanda, wa ツ na ソ huanzia juu ukashuka. Mkono ukishazoea mwelekeo huo, macho nayo hutofautisha.

Kisha weka kibodi ya Kijapani yenye vitufe 12. Gusa か upate ka. Telezesha kidole kushoto upate ki, juu ku, kulia ke, chini ko. Ongeza pia Kijapani kwenye orodha ya lugha za simu, la sivyo baadhi ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina), kama 直, huweza kutokea kwa umbo la Kichina nawe ukakariri umbo lisilo lake.

Kwa msamiati, tumia Anki, programu ya kadi za kukariri zenye swali na jibu. Hapa ndipo watu wengi huachia njiani, na chanzo ni mpangilio mmoja tu: kadi mpya 20 kwa siku. Kila kadi mpya hurudi tena na tena, hivyo baada ya wiki kadhaa unaweza kukuta marudio 150 hadi 200 yanakusubiri kila siku. Punguza ziwe 5, au 10 ukiwa na muda. Yakirundikana, weka kadi mpya sifuri mpaka rundo liishe. Na ukisahau jibu, bonyeza kitufe cha kurudia tangu mwanzo, usibonyeze cha "ngumu". Anki huhesabu "ngumu" kuwa umekumbuka, kwa hiyo kadi usiyoijua huzidi kusogezwa mbele.

Usitengeneze kadi ya kanji moja yenye usomaji wake wote. 生 husomwa sei katika 先生 (sensei, mwalimu), i katika 生きる (ikiru, kuishi), u katika 生まれる (umareru, kuzaliwa). Jifunze neno zima, usomaji utakuja nalo.

Matamshi nayo yanataka uangalifu, hata kama a, e, i, o, u za Kijapani hazimpi taabu Mswahili. Kite ni "njoo", kitte ni stempu. Tofauti ni kituo kifupi kabla ya t. Kipimo cha sauti cha programu kinaweza kukupitisha hata ukikosea. Jirekodi kwa kinasa sauti cha simu, kisha sikiliza sauti yako na ya msemaji wa programu moja baada ya nyingine.